Kuchagua kasha la kusafirisha baiskeli kwa ndege: anza na njia utakayopita

Wateja wanaojiandaa kuruka na baiskeli wakifika karakanani kwangu, Njiro hapa Arusha, huuliza kasha lipi ni imara kuliko yote. Mimi huwauliza kwanza: ukishashuka, unaondokaje uwanjani? Utalala sehemu moja au utahamahama? Utarudi kupitia uwanja uleule? Majibu hayo ndiyo yanayochagua kasha. Aina ya baiskeli inafuata, na bei inakuja mwisho.

Sababu ni kwamba kasha linapita milango mingi kabla halijafika: mizani ya kaunta, mlango wa shehena wa ndege, buti ya gari, mlango wa chumba cha wageni. Mlango ulio mwembamba kuliko yote ndio unaoamua. Nimeona watu wananunua kasha zuri la plastiki ngumu kwa fedha nyingi, kisha teksi pekee iliyopo uwanjani ni gari dogo lisilolimeza.

Basi tuanze na ndege. Sisi wa Arusha tuna viwanja viwili, na tofauti yao ni kubwa. Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ulio kama kilomita 50 kutoka mjini, unapokea ndege kubwa za masafa marefu. Uwanja wetu wa Kisongo una ndege ndogo nyingi, zikiwemo Cessna Caravan zinazokwenda Serengeti na Zanzibar. Kwenye ndege za namna hiyo kikomo cha kawaida cha mzigo ni kilo 15 kwa abiria, na wanataka begi laini linalokunjika. Hapo hakuna kasha la baiskeli litakalokusaidia. Anayekwenda kuendesha Unguja namshauri apeleke baiskeli kwa basi hadi Dar es Salaam na avuke nayo kwa boti. Hiyo ni nafuu na haina wasiwasi. Vilevile mgeni anayeshuka Nairobi na kuunganisha kwa ndege ndogo ya uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara, ajue mapema kwamba baiskeli yake itabidi ipite barabarani.

Ndege za mapangaboi za kati, ATR na Dash 8, hubeba baiskeli, ila nafasi ya mizigo ni finyu na mara nyingine wanapokea moja au mbili tu kwa safari. Lazima uombe nafasi mapema. Boeing 737 nayo inapakiwa kwa mikono, na mlango wake wa shehena haufiki mita moja kwenda juu. Maana yake kasha refu litalazwa ubavu, hata ukiliandikia "simamisha hivi" pande zote kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo usinunue kasha linalokuwa salama likisimama tu. Ukilipanga, panga ukijua litalala upande wa kulia au wa kushoto, na juu yake litawekwa sanduku la mtu mwingine.

Kabla hujatoa hata shilingi, pigia shirika la ndege. Kuna mashirika yanayohesabu baiskeli ndani ya uzito uliopewa kwenye tiketi, na kuna yanayotoza ada maalumu kwa kila safari na kutaka taarifa siku kadhaa kabla. Uliza mambo manne: uzito wa juu, jumla ya vipimo, ada, na kama nafasi lazima iombwe. Kisha omba majibu kwa barua pepe na uyachape. Mhudumu wa kaunta anaweza asiyajue masharti ya baiskeli, na karatasi yenye nembo ya kampuni yake inamaliza ubishi haraka. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, kila shirika lina masharti yake, nawe unafuata yale makali zaidi.

Sasa hesabu. Mzigo wa kawaida wa daraja la chini ni kilo 23. Kilo 32 ndiyo kikomo ambacho mashirika mengi hayavuki kwa kipande kimoja, kwa ajili ya kulinda migongo ya wanaobeba. Kwa ukubwa, kipimo cha kawaida ni sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Baiskeli ya ukubwa wa kawaida haiingii kwenye 158 hata kidogo. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kasha la kuifikia, tafuta shirika linaloikubali baiskeli kama kifaa cha michezo.

Uzito ndio unaowaumiza wengi. Kasha la plastiki ngumu huwa na kilo 10 hadi 15 likiwa tupu. Begi laini lenye fremu ya ndani lina kama kilo 7 hadi 10. Boksi la kadibodi, hata ukiliongezea tabaka, ni kilo 3 hadi 5. Baiskeli ya mashindano ya barabarani ya kilo 8 ndani ya kasha la kilo 12 inakuachia kilo 3 za viatu na kofia. Lakini ile ya chuma ya safari ndefu, yenye kilo 14 na kereti zake, ukiitia kwenye kasha hilohilo imeshafika 26 kabla hujaweka hata spana. Umeshapitiliza. Iweke kwenye boksi la kilo 4, uko 18. Hii hesabu peke yake imewaondoa wateja wangu wengi kwenye kasha gumu.

Kupima nyumbani ni rahisi: simama kwenye mizani ya kawaida ukiwa umebeba mzigo, kisha simama bila mzigo, toa. Jiachie kilo moja chini ya kikomo, maana mizani hazilingani.

Boksi la kadibodi

Nitalikalia hili zaidi, kwa sababu watu wanalidharau na mimi ndilo ninalolipendekeza mara nyingi zaidi. Anayeanza safari mji mmoja na kumaliza mwingine, tuseme anashuka KIA, anaendesha kupitia Babati na Dodoma hadi Mbeya, hana mahali pa kuacha kasha la thamani. Boksi analitupa au anampa mtu, na mwisho wa safari anatafuta jingine.

Kulipata hapa kwetu kunataka kuzunguka kidogo. Baiskeli nyingi tunazouza ni mtumba kutoka Japani, nazo hufika zimelundikwa kwenye kontena bila maboksi. Nenda kwenye maduka ya baiskeli mpya, waambie wiki mbili kabla wakutunzie. Ukikosa, maboksi mawili ya televisheni kubwa huchomekwa moja ndani ya jingine, ukakata na kukunja mpaka ufike kipimo. Boksi la duka huwa na urefu wa kama sentimita 140, kimo 75 hadi 80 na upana 20 na kidogo. Upana huo ndio tatizo lake. Baiskeli ya milimani yenye matairi manene inataka nafasi zaidi, kwa hiyo pima kabla hujalibeba kwenda nalo nyumbani.

Liimarishe hivi. Chini, ambako boksi huburutwa, weka tabaka la pili la kadibodi kwa ndani na lingine kwa nje. Kwenye pembe zote funga mkanda mpana wa gundi. Toboa matundu ya mikono pande mbili, mbali kidogo na ukingo, na uzungushie mkanda ndani na nje. Boksi lisilo na pa kushika litashikwa popote na kuchanika. Kwa kujazia, nenda kwa wauza magodoro ukaombe vipande vya sponji. Mabomba ya fremu yavishe sponji zile nyeusi za mabomba ya viyoyozi, zinauzwa kwa mita kwenye maduka ya umeme na zinatosha kabisa kipenyo cha fremu.

Adui wa kadibodi ni maji. Kama unaruka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, boksi linaweza kukaa kwenye kitoroli mvuani na chini yake likalainika. Ndani ya boksi, tandika nailoni nzito ya kufunikia mchanga wa ujenzi, na vitu vidogo vyote vitie kwenye kiroba kimoja kilichofungwa na kamba kwenye fremu. Hata boksi likifumuka chini, hakuna kitakachodondoka njiani.

Begi laini

Hili linamfaa anayesafiri mara kwa mara na kuhama na mzigo wake. Lina fremu au sahani ngumu chini, baiskeli inafungwa juu yake kwa ekseli, na magurudumu yanaingia kwenye mifuko ya pembeni. Likiwa tupu hukunjwa na kuwekwa chini ya kitanda. Linaingia kwenye Noah bila kung'oa kitu zaidi ya kulaza siti.

Ukiliangalia dukani au unalinunua kwa mtu, anzia chini. Magurudumu ya begi yawe makubwa na skrubu zake zifunguke kwa nje, maana ndiyo yatakayokufa kwanza kwenye lami yetu na changarawe. Vuta zipu yote mpaka mwisho mara kadhaa, hasa kwenye kona. Tazama kama mpini wa kukokotea umeshonwa kwenye kitambaa tu au umefungwa kwenye sahani ya chini. Ulioshonwa kwenye kitambaa utachanika. Hii naisema bila shaka yoyote: nimeshona mipini mingi ya aina hiyo kwa uzi wa viatu.

Kasha gumu

Kasha gumu lina mahali pake, na mahali hapo ni safari ya kwenda na kurudi, ndege kubwa, makazi ya kudumu sehemu moja, na baiskeli nyepesi ya kaboni. Septemba 2025 Kigali ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, waliotaka kuruka kutoka KIA wakaendeshe vilima vile na kurudi baada ya wiki niliwaambia kasha gumu linafaa kabisa. Unalala nyumba moja, kasha linakaa kona ya chumba, unarudi nalo. Nikawakumbusha tu waagize gari la kuwapokea mapema, maana pikipiki za Kigali hazitabeba kitu hicho.

Ila ganda gumu halilindi kitu kinachotembea ndani yake. Angalia kama lina nguzo ya katikati, fimbo ya chuma au alumini inayosimama kati ya ganda moja na jingine kuzuia lisibonyee likiwekewa mzigo juu. Bila nguzo hiyo, ganda linaingia ndani na kukandamiza bomba la juu la fremu. Kaboni inastahimili mengi, lakini kubanwa sehemu moja ndogo ndiko kunakoipasua. Kufuli nazo ziwe zinazoweza kufungwa upya na mtu asiyelijua kasha lako, kwa sababu wakaguzi watalifungua wewe hupo. Mikanda inayozunguka kasha zima naiamini kuliko vibanio vidogo vya plastiki, ambavyo kimoja kikivunjika pembe nzima inaachia.

Kama fedha ni kikwazo, nunueni kwa pamoja. Kasha moja la klabu, linaloazimwa kwa zamu na kukaguliwa likirudi, lina maana zaidi kuliko makasha matano yanayokaa vumbini mwaka mzima.

Usukani unaamua mengi

Mzee mmoja, mwendeshaji wa miaka mingi, aliniletea baiskeli mpya aliyoletewa na kijana wake kutoka Ulaya. "Mwanangu, nifungie hii kwenye begi langu la zamani." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, begi lako halitaitaka hii." Usukani na stemu, ile shingo inayoushika kwenye fremu, vilikuwa kipande kimoja, na mipira ya breki za mafuta ilipita ndani yake kuingia kwenye fremu. Huwezi kuuchomoa na kuuning'iniza ubavuni kama zamani. Ukiulazimisha unakunja mpira, na breki inaingia hewa.

Kwa hiyo tazama usukani wako kabla ya kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Kama nyaya zinapita nje na zina urefu wa ziada, unaweza kununua begi au boksi la aina yoyote: fungua bolti 4 za stemu, usukani unalala pembeni ya fremu. Kama nyaya zimefichwa na hazina nafasi ya kuvutika, tafuta begi ambalo usukani unabaki mahali pake na unang'oa magurudumu tu. SCICON wanatengeneza AeroComfort kwa mtindo huo. Kupakia kunachukua muda mfupi sana, na hilo ni raha ya kweli. Gharama yake ni ukubwa: upande wa mbele begi linatanuka kufuata upana wa usukani, kwa hiyo jumla ya vipimo inapanda na si kila gari litalipokea.

Kipimo cha pili ni urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Baiskeli ya barabarani huwa na takriban mita moja. Ya milimani ya inchi 29 huzidi sentimita 115 na nyingine hupita 120, na makasha mengi yalitengenezwa kwa zile za barabarani. Chukua futi kamba, pima yako, halafu muulize muuzaji urefu wa juu ambao kasha linapokea. Muulize pia kipenyo cha mfuko wa gurudumu, maana tairi nene la inchi 29 linafika kama sentimita 74 na mfuko wa barabarani umeshonwa kwa 70. Na upana wa habu, yaani kitovu cha gurudumu: mbele milimita 100 au 110, nyuma 142 au 148, ili vishikio vya ndani viendane na ekseli zako.

Wenye baiskeli za kukunja kama Brompton wanaepuka karibu yote haya, kwani hizo zinaingia ndani ya 158 kwa sanduku la kawaida. Wapo pia wanaokata fremu za chuma na kuziunga kwa viungo vya skrubu, zikaingia kwenye sanduku la sentimita 66 kwa 66 kwa 26. Ni kazi ya fundi wa fremu hasa.

Kupakia

Kasha lolote utakalochagua, vitu vichache havina mjadala. Kibadilishi cha gia cha nyuma kifungue kutoka kwenye sikio lake, kile kipande kidogo kinachokishikilia kwenye fremu, kivike sponji na kifunge ndani ya fremu. Lile sikio hupinda kwa msukumo mdogo tu, kwa hiyo beba la akiba la modeli yako. Kila fremu ina lake na ugenini hutalipata. Diski za breki zing'oe kwenye magurudumu, unene wake haufiki milimita 2. Kati ya pedi za breki za mafuta ingiza kipande cha plastiki, kadibodi iliyokunjwa pia inafaa, ili mtu akibinya mkono wa breki pistoni zisitoke. Kati ya miguu ya foki, uma unaoshika gurudumu la mbele, na kati ya miguu ya nyuma ya fremu weka vizuizi visiruhusu kubanana. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, kumbuka hilo usije ukaharibu nyuzi za skrubu yake.

Matairi punguza upepo, kwa sababu mashirika mengi yanataka hivyo. Hayatapasuka hata hivyo. Sehemu ya mizigo ina shinikizo sawa na la abiria, na tofauti na ile ya ardhini ni kama robo ya bar, kipimo cha shinikizo la upepo.

Betri za gia za umeme ni ndogo mno, chini ya wati-saa 5, hazina shida. Zile zinazochomoka zichomoe uzibebe mkononi. Betri ya baiskeli ya umeme ni habari nyingine: zaidi ya wati-saa 160 abiria haruhusiwi, na nyingi zina 300 na kuendelea. Itabidi ukodi betri huko uendako au uache baiskeli hiyo. Vikopo vya gesi vya kujazia upepo viache pia, beba pampu.

Ukimaliza, funga kasha, linyanyue upande mmoja, litikise. Sikiliza. Ukisikia kitu kinagonga, fungua utafute. Kisha lilaze ubavu wa kulia, baadaye wa kushoto, utikise tena. Rudia mpaka liwe kimya kabisa.

Piga picha baiskeli ikiwa wazi, ikiwa imepangwa, na namba ya fremu iliyo chini ya mhimili wa pedeli. Picha hizo pamoja na risiti ya ununuzi zitakusaidia pia forodhani ukirudi, mtu akitaka kujua kama baiskeli ni mpya.

Uwanjani unakoshukia, baiskeli haitatoka kwenye mkanda wa masanduku. Nenda kwenye mlango wa mizigo mikubwa. Fungua palepale kabla ya kutoka ukumbini, angalia foki, miguu ya nyuma, bomba la juu na magurudumu kama yanazunguka sawa. Ukiona ufa au pembe ya kasha iliyobonyea, nenda dawati la mizigo upewe ripoti yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa safari za ndege ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, mzigo ulioharibika lazima uulalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na fidia ina kikomo ambacho tangu mwisho wa Desemba 2024 ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Baiskeli yenye thamani kubwa zaidi ya hapo itangaze kaunta kabla ya kuruka na ulipe nyongeza wanayotaka, au uikatie bima yake peke yake. Ukiondoka bila kulalamika, itachukuliwa kwamba uliipokea nzima, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo utakuwa wako.